Jenereta ya gari la kulala haiwaki? Usikimbilie kununua betri

Kila nikiitwa kwenye haya magari ya kulala, iwe motohomu ya wageni au Coaster ambayo mtu kaigeuza mwenyewe akaweka kitanda na friji, nakuta mwenye gari keshatoa hukumu: betri imekufa. Wengine hata mpya washanunua. Mi kazi yangu ni umeme wa magari na boti hapa Kigoma, na nawaambia betri ndo iwe ya mwisho kulaumiwa, maana ndo ya bei kubwa kuliko vyote halafu ndo rahisi kupima.

Kwanza elewa gari la namna hii lina betri za makundi mawili. Ipo ya injini, na zipo za nyumba zinazoendesha taa, pampu ya maji, friji na inveta, ile inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Sasa jenereta kwenye motohomu nyingi stata yake, ile mota inayoizungusha mpaka iwake, inakula umeme wa betri za nyumba, sio ya injini, ndo maana gari linawaka vizuri kabisa afu ukibonyeza swichi ya jenereta unasikia tik, basi. Na mtu anakubishia, "betri nzima bwana, si umeona gari limewaka?" Betri ipi sasa.

Mita ya dijitali ya bei ya kawaida inatosha. Pima asubuhi kabla jua halijapanda kwenye sola, na vitu vyote uwe umezima. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa inasoma 12.6 mpaka 12.7, ikisoma 12.2 ipo kwenye nusu, chini ya 12 hapo hakuna kitu, chaji kwanza ndo tuongee mengine. Ukipima saa saba mchana utaona 13 na ushee ukafurahi bure, ile ni sola inasukuma.

Na hata hiyo 12.6 usiiamini moja kwa moja. Betri ni kama mgonjwa aliyelala, ukimuuliza hali anasema sijambo, mwambie ainuke ndo utajua. Kwa hiyo shikisha mita kwenye vichwa vya betri vyenyewe, mtu mwingine abonyeze stata, asizidishe sekunde 10 maana stata inachemka, we macho kwenye namba. Ikiporomoka chini ya 9.6 hivi wakati betri ulishaichaji ikajaa, hiyo imechoka kweli. Lakini ikibaki 12.4 au 12.5 na jenereta inasema tik tu, betri haina kosa lolote, umeme wake ndo haufiki.

Hapo ndo mafundi wengi wanaruka, wanaenda kufungua stata. Tulia. Mkono mmoja wa mita weka kwenye kichwa cha chanya cha betri, mwingine kwenye boliti ya stata pale unapoingia waya mnene, piga stata tena. Namba unayoiona sasa ni volti zinazopotelea njiani. Ikizidi nusu volti kuna mahali pabovu, na ikisoma karibu zote 12 basi waya umekatika au relei ya stata, yaani ile swichi inayowashwa na umeme, imeungua ndani, inalia lakini haipitishi. Rudia upande wa hasi, kutoka kichwa cha hasi mpaka kwenye bodi ya jenereta yenyewe, huku hata 0.3 ni nyingi. Watu wanashangaa kutu kidogo itazuiaje stata, lakini piga hesabu, stata ikivuta ampea 100 na kwenye hiyo kutu kuna ukinzani wa ohm 0.01 tu, volti nzima imeenda, na mita ukipima bila kupiga stata haikuonyeshi chochote.

Kuna gari liliingia hapa likitokea Tabora, betri za nyumba zote mpya, jenereta kimya. Upande wa hasi tukasoma zaidi ya volti 2. Ilikuwa ni boliti moja inayofunga waya wa hasi kwenye chasisi chini ya gari, huko ndani kutu na vumbi la njia nzima. Spana, msasa, grisi kidogo juu, ikawaka. Betri za zamani mwenyewe alishaziacha njiani.

Kama betri za nyumba ni mbili au zaidi zimeunganishwa, zitenganishe upime moja moja, maana moja mbovu inainyonya nzima usiku kucha. Wavuvi wa dagaa wa Kibirizi na Katonga hili wanalijua kuliko sisi, betri ikigoma usiku ziwani taa imezima na dagaa ndo hao wameenda zao. Ukifungua anza na waya wa hasi, na usivute sigara hapo, betri inayochajiwa inatoa gesi inayolipuka.

Afu angalia kama zinachajiwa kweli. Injini ikiunguruma, betri za nyumba zisome 13.8 mpaka 14.4. Zikibaki 12 na kitu tafuta fyuzi au relei inayounganisha makundi mawili, utakuwa umesafiri Urambo, Kaliua, Uvinza yote bila kuchaji chochote.

Jenereta inazunguka kwa nguvu lakini haishiki? Hiyo sio kesi ya betri tena. Kama inatumia tangi moja na gari, bomba lake mara nyingi limewekwa juu kwa makusudi, mafuta yakishuka kwenye robo inakatika ili usikwame porini. Geji kwanza, oili pili, maana ikipungua inajizima yenyewe, kabureta baadaye.

Ukikwama mbali na fundi, washa injini ya gari, bonyeza swichi ya kubusti, ile inayounganisha makundi mawili ya betri, kama unayo pale dashibodi, kama huna tumia nyaya za kubusti, ziache betri za nyumba zile chaji dakika 15 hivi, halafu piga jenereta injini ikiwa bado inaunguruma. Ikiwaka kwa hivo tu, na nyaya zote ulishazipima zikawa safi, haya, hapo ndo twende dukani.