Kwa dada wa Ujiji, kuhusu grupu la sikoseli

Dada, umeuliza unawadhibiti vipi wauza dawa na wanaobandika majibu ya AI kwenye grupu lenu la WhatsApp la wazazi wa watoto wenye sikoseli (ule ugonjwa wa damu wa kurithi) hapo Kigoma. Wauza dawa rahisi, washa ile ya admini kukubali kwanza anayeingia, linki usiirushe ovyo, na akija mtu na "dawa inayomaliza sikoseli wiki mbili" futa kwa wote, mtoe, usibishane nae. Haya ya AI ndo kazi, maana Kiswahili kimenyooka kabisa (kuliko chetu sisi wa huku) na anayebandika ni mama mwenzenu anataka tu kusaidia. Mi nisingemtoa. Ningemuuliza hapohapo, hii imemtokea mwanao au umeitoa kwenye simu? Kama ya simu aandike hivyo juu. Ila dozi ya haidroksiurea (ile dawa ya sikoseli) na mambo ya homa futa bila kuuliza, hawa watoto bandama, inayopigana na vijidudu, huwa inaharibika mapema, kwa hiyo homa ikifika nyuzi 38 ni kukimbia hospitali ya Maweni usiku huohuo sio kusoma eti "mpe maji usubiri asubuhi". Na tafuta admini wa pili anayechelewa kulala.