Nirudishe runinga mpya au niizoee?

SWALI: Fundi, salamu. Siku tisa zilizopita tulinunua runinga ya LED ya inchi 55, yenye picha ya 4K. Fedha zake tulizidunduliza muda mrefu. Siku ya tatu nilikuwa natazama mpira, na kila kamera ilipomfuata mchezaji kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine, niliona vivuli viwili vyembamba vimesimama wima juu ya nyasi. Uwanja unapita, vyenyewe havisogei. Kimoja kiko karibu kabisa na katikati ya kioo. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuchunguza tu. Nimegundua kidoti cha kijani upande wa chini kushoto, hakizimiki hata picha ikiwa nyeusi tii. Tukizima taa usiku, kona ya chini kulia inang'aa kidogo. Mume wangu anasema yeye haoni chochote, na kwamba mtafuta kasoro hazikosi. Muuzaji anapokea bidhaa iliyorudishwa ndani ya siku 14, kwa hiyo nimebakiwa na tano. Naogopa kurudisha nikapewa mbovu zaidi, na naogopa kukaa nayo nikajuta. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, irudishe. Nimetanguliza jibu kwa sababu siku tano si nyingi. Ila usiirudishe kwa ajili ya kidoti wala kona. Irudishe kwa ajili ya kile kivuli cha katikati, na hicho ndicho umwoneshe muuzaji.

Nianze na kidoti, maana ndicho kinachowatia watu wengi wasiwasi kuliko kinavyostahili. Picha ya 4K ina vidoti 3840 kwa upana na 2160 kwa urefu. Zidisha, unapata 8,294,400, na kila kimoja kina sehemu tatu, nyekundu, kijani na buluu, ambazo kila moja inawashwa na kuzimwa peke yake. Ni zaidi ya sehemu milioni 24 kwenye kioo kimoja. Katika kidoti chako, sehemu ya kijani imekwama ikiwa imewaka. Kwenye runinga ya inchi 55 kidoti kizima kina upana wa kama theluthi moja ya milimita, na hiyo sehemu yake ya kijani ni nyembamba zaidi. Ukikaa mita mbili na nusu kutoka kwenye kioo, utakiona kwa sababu tu unajua kilipo. Watengenezaji wengi hawahesabu kidoti kimoja kuwa kosa la kubadilishiwa runinga. Hata kiwango cha kimataifa cha skrini bapa cha mwaka 2001, ISO 13406-2, kiligawa skrini katika madaraja manne, na daraja la kwanza pekee ndilo lililokataa kabisa vidoti vibovu. Kingekuwa kimekaa katikati, mahali nyuso za watu zinapotokea, ningesema mengine. Pembeni, kiache.

Kona inayong'aa inahitaji jaribio dogo. Kaa mahali pako pa kawaida, weka picha nyeusi, kisha sogeza kichwa kushoto na kulia, simama, kaa tena. Kama ule mwanga unahama au unafifia kadiri unavyosogea, hiyo ni tabia ya aina ya kioo, na runinga nyingine ya modeli hiyohiyo itafanya vilevile. Kama umeganda palepale, basi mwanga wa nyuma unapenya pembeni, mara nyingi kwa sababu fremu imekibana kioo mahali fulani. Ingia kwenye mipangilio uangalie mwanga wa nyuma umewekwa kiasi gani. Runinga nyingi huanza kazi zikiwa kwenye hali ya picha kali, ile ya kuvutia macho dukani, na nyumbani usiku huhitaji mwanga wote huo. Upunguze mpaka uso wa mtu uonekane kama uso wa mtu, kisha itazame kona upya. Nina hakika itakuwa imepungua. Taa ndogo nyuma ya runinga nayo husaidia sana.

Sasa vivuli. Hapa sina jambo la kukutuliza, na sitaki kukudanganya. Nyuma ya kioo kuna safu za taa ndogo, na mbele ya taa kuna karatasi maalumu za kusambaza mwanga ili uenee sawasawa. Safu hizo zisipolingana, au karatasi zisipokaa vizuri, au kioo chenyewe kikitoka kiwandani na tofauti ndogo, sehemu moja hubaki na giza kidogo kuliko jirani yake. Picha ikitulia jicho haligundui. Picha ikisogea juu ya rangi moja pana, kama nyasi za uwanja, anga au theluji, kile kisichosogea ndicho kinachojitokeza. Hakuna kitufe cha rimoti kinachoondoa hilo. Kona inayong'aa wakati mwingine hupoa baada ya wiki kadhaa za matumizi. Kivuli cha wima katikati ya kioo cha LED, kwa miaka yote niliyofanya kazi hii, sijaona kikiondoka chenyewe.

Naandika hivi kwa uchungu kidogo kwa sababu yalinikuta. Runinga ya kwanza kubwa niliyonunua kwa fedha zangu ilikuwa na doa la kijivu, ukubwa wa kiganja, kushoto kidogo kwa katikati. Mchana nilikuwa natengeneza runinga za watu, kwa hiyo nilijua vizuri ninachokiona. Nikajiambia nitazoea. Niliona aibu kurudi kwa muuzaji na jambo ambalo wageni wangu hawalioni. Tarehe ikapita. Nilikaa na ile runinga miaka minne, na katika miaka hiyo sikumbuki mechi moja niliyoitazama bila jicho kwenda pale. Mama yangu aliishi nami na hakuliona hata mara moja, na sikumwonesha. Nawe usimwoneshe mumeo mahali kivuli kilipo. Jicho likishajifunza halisahau, na kama mtaamua kubaki nayo, afadhali mmoja wenu aendelee kuwa na raha.

Kwamba yeye haoni si ushahidi kwamba hakipo. Watu hatulingani katika hili. Kigezo ninachotumia ni kimoja: je, unaiona kasoro ukiwa kwenye kiti chako, kwa mwanga wa kawaida wa chumba, ukitazama kile unachokitazama kila siku? Wewe ulikiona kivuli kwenye mpira kabla hujaanza kutafuta chochote. Kidoti na kona uliviona baada ya kuanza kutafuta. Tofauti hiyo naipa uzito mkubwa.

Watu wengine wataniandikia wakilalamika kwamba wameweka picha ya kijivu tupu na kuona mawingu. Karibu kila runinga ya LED itaonesha wingu fulani ukiweka kijivu tupu. Kijivu kinafaa kuthibitisha ulichokwisha kukiona, na wewe ukitumie hivyo: weka kwenye flashi picha za kijivu chepesi, cha kati na kizito, acha runinga iwake nusu saa ndipo utazame. Kama kivuli kinakaa palepale kwenye zote tatu, umepata uthibitisho. Kwa muuzaji, rekodi video ya mpira wenyewe, umekaa mahali pako, taa za chumba zikiwa zimewaka. Usimpelekee picha ya kona uliyopiga gizani kwa simu. Kamera ya simu gizani huongeza mwanga yenyewe, na kona iliyong'aa kidogo inatoka kama tochi. Muuzaji mzoefu analijua hilo, na ataanza kushuku hata lile la kweli.

Halafu, tafadhali, usisugue kioo. Kuna ushauri unaozunguka kwamba ukikandakanda kwa kitambaa laini doa linatawanyika. Nimeletewa vioo vilivyopasuka ndani kwa mkando huo, na kioo kilichopasuka kwa kubonyezwa hakibadilishwi kwa dhamana.

Hofu yako ya kupewa mbaya zaidi ni ya haki. Modeli moja, kiwanda kimoja, vioo viwili vinaweza kutofautiana sana. Kwa hiyo uliza mapema kama unaweza kurudishiwa fedha badala ya kubadilishiwa tu. Ukibadilishiwa, omba mpya iwashwe mbele yako, uweke ile flashi, uone. Mimi hukubali kubadilishiwa mara moja, mara ya pili kwa shingo upande. Ya pili nayo ikiwa na vivuli mahali palepale, tatizo ni la modeli. Chukua fedha utafute nyingine, na usivutiwe na wembamba peke yake, kwa sababu zile ambazo taa zake zimepangwa pembeni tu mara nyingi ndizo zenye shida ya kona.

Kabla ya kuifunga, ipige picha ikiwa imewaka, kioo chote kionekane kizima. Ikivunjika njiani utakuwa na cha kusema. Futa akaunti zenu zote. Ibebeni watu wawili, isimame wima kwenye boksi lake, isilazwe kamwe, pamoja na rimoti, miguu na skrubu zake.

SWALI: Fundi, yangu ni OLED, ina wiki moja. Filamu ikiwa na giza naona michirizi myembamba ya wima. Usiku huwa tunazima kila kitu kwenye swichi ya ukutani. Niirudishe?

JIBU: Bado, ndugu yangu. Kwanza acha kuizima ukutani. OLED haina taa za nyuma, kila kidoti kinatoa mwanga wake, na runinga hizo zina kazi ya kujisawazisha ambayo hufanyika zikiwa zimezimwa kwa rimoti huku umeme ukiendelea kuingia. Kwa kawaida huanza zikishatumika jumla ya kama saa nne. Ukikata umeme kila usiku, kazi hiyo haipati nafasi, na michirizi ya gizani ndiyo hasa inayoweza kupungua kwa njia hii. Izime kwa rimoti, iache usiku kucha, wiki nzima, ukitazama vipindi vya kila aina. Kisha rudia filamu ileile, sehemu ileile, na uamue siku mbili kabla ya tarehe ya mwisho ya kurudisha. Lakini ukiona mstari mmoja mkali wa rangi, kutoka juu hadi chini, usioondoka hata kwenye picha angavu, huo si mchirizi wa kusubiri. Irudishe siku hiyohiyo.