Shangazi, nimetengewa gari moja kati ya 800

"Shikamoo Shangazi. Muuzaji amenipigia simu: kiwanda kinatoa gari la kasi, toleo maalumu, magari 800 tu duniani, na mimi nimetengewa moja. Nina siku kumi za kulipa arbuni. Nusu ya bei ninayo, ni fedha tuliyoweka kwa ajili ya nyumba. Nusu nyingine nitakopa. Anasema baada ya miaka sita bei itakuwa mara mbili, na kwamba gari la namna hii ni salama kuliko hisa. Mke wangu hataki kusikia, sasa analala chumba cha watoto. Namwambia huu ni uwekezaji, si starehe, haelewi. Nimweleweshe vipi? – Mwenye Siku Kumi"

Marahaba, mwanangu. Umeuliza jinsi ya kumwelewesha mkeo, hukuuliza kama yeye ndiye aliyeelewa. Nianzie hapo.

Namba iliyogongwa kwenye kibao cha gari, kuonyesha ni la ngapi kati ya 800, haipandishi bei peke yake. Wauzaji hupenda kulitaja gari la kasi la McLaren F1, na ni kweli moja liliuzwa mnadani Pebble Beach, Marekani, mwaka 2021 kwa zaidi ya dola milioni 20. Wasichokwambia ni kwamba kiwanda kilikusudia kutengeneza 300 hivi, yakaishia 106 kwa sababu wanunuzi hawakupatikana. Uhaba ule hakuupanga mtu. Ferrari F40 nalo lilianza kwa mpango wa magari 400, yakatoka zaidi ya 1,300, na bado ni mali. Kwa hiyo hesabu ya magari si jibu, huku wala kule. La kwako ni uhaba wa kupangwa: kiwanda kimepima watu wangapi watalitaka, kikatengeneza pungufu kidogo, na wengi wa hao 800 watalifungia ndani kama unavyotaka kulifungia wewe. Mwaka wa sita mtakutana sokoni, kila mmoja na gari lake lenye kilomita 300, kila mmoja akiapa kwamba la kwake ni adimu.

Cha kumuuliza muuzaji ni hiki: ndani ya gari hili kuna nini ambacho kiwanda hakiwezi kukirudia mwakani? Porsche 911 R la mwaka 2016 yalikuwa 991, injini ya lita 4.0 isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi), gia za mkono wakati GT3, ndugu yake wa kiwanda hichohicho, siku hizo ilikuwa na otomatiki tu. Bei ya kuanzia Marekani ilikuwa dola 184,900, na watu wakaanza kuyauza kwa zaidi ya mara mbili ya hapo. Mwaka 2017 Porsche wakaleta GT3 mpya, lita 4.0, gia za mkono, na nyingine isiyo na bawa la nyuma iliyofanana na R kwa kila jambo ambalo mpita njia angeliona. Bei za R zikaporomoka. Aliyeuza mapema alicheka. Aliyenunua kileleni alibaki na gari zuri na kidonda. Ukijibiwa kwamba upekee ni rangi, uzi wa viti na kibao, umeshajibiwa. Ukijibiwa kwamba hii ndiyo injini ya mwisho ya aina yake, au kwamba gari lilitengenezwa ili kiwanda kiruhusiwe kuingia mashindano fulani, hapo kuna cha kuzungumza.

Kuhusu mkopo, kumbuka Jaguar XJ220. Lilipoonyeshwa Birmingham, Uingereza, mwaka 1988 lilikuwa na injini ya silinda 12, na watu wakakimbilia kuweka arbuni ya pauni 50,000. Lilipofika kwa wateja mwaka 1992 lilikuwa na silinda 6 na tabo mbili, bei ilikuwa imepanda, na uchumi ulikuwa umeyumba. Baadhi ya waliotaka kuuza nafasi zao kwa faida waliishia mahakamani wakitafuta kujinasua na mikataba. Yalipangwa kufika 350, hayakufika 300. Leo lina wapenzi wengi na bei nzuri, lakini benki haikungoja hadi leo. Lexus LFA vilevile: magari 500, utengenezaji uliisha 2012, na miaka kadhaa baadaye mengine mapya yalikuwa bado yamekaa kwa wauzaji Marekani. Sasa yanauzwa zaidi ya mara mbili ya bei ya awali. Aliyeweza kusubiri alikuwa na fedha ambayo haikuwa na kazi nyingine. Yako ina kazi: ni nyumba.

Chukua kalamu. Bei ya kununulia tuiite 100, ukae nalo miaka sita, uliuze 130. Kwa masikio hiyo ni faida ya 30. Sasa toa: bima 1.5 kwa mwaka, mahali pa kulihifadhi 1.5, huduma ya gereji 1. Ni 4 kila mwaka, 24 kwa miaka sita. Seti moja ya tairi, 1.5. Kamisheni ya mnada au dalali, asilimia 8 ya 130, ni 10.4. Mkononi unabaki na 94.1. Umepoteza karibu 6 katika biashara iliyopanda asilimia 30! Ongeza mkopo wako wa 50 kwa riba ya asilimia 10, ukilipa riba pekee: 30 nyingine zimekwenda, umebaki na 64.1. Ili urudishe chako tu, bila faida hata senti, lazima gari liuzwe 169. Viwango hivi ni vya mfano; weka vya kwako, vya bima yako na benki yako, lakini usiruke mstari hata mmoja.

Na kulitunza si kulifunika turubai. Injini inayowashwa dakika tano kila Jumapili huharibika kuliko isiyowashwa kabisa: mvuke wa maji na mabaki ya petroli huingia kwenye oili, na oili haipati joto la kuyachoma. Ukiliwasha, liendeshe dakika 30 hadi 40, oili ipite nyuzi 80, au usiliguse. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa, hubadilishwa kila miaka miwili hata kama gari halikutoka. Tairi husomwa ubavuni: tarakimu nne, kwa mfano 2319, maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikivuka miaka sita au saba mpira hukakamaa, na gari la nguvu kama hilo huteleza kwenye kona hata kama kashata ya tairi ni nzima; mnunuzi ataziona na kukata bei. Betri ikae kwenye chaja ndogo ya kudumu. Unyevu wa chumba uwe karibu asilimia 50. Ukizidi, kutu na ukungu wa ngozi. Ukipungua sana, ngozi na mipira hupasuka. Petroli iliyolala miezi huchacha. Panya hula nyaya, na seti nzima ya nyaya za injini hiyo haiuzwi dukani.

Huduma ifuate kalenda, si kilomita, na kila mwaka ipigwe muhuri. Weka risiti zote, funguo zote mbili, vitabu, begi la vifaa, na kila spea ya asili itakayotolewa. Kikikosekana kimoja mnunuzi hatalalamika, atapunguza tu. Halafu kuna lile linalouma: ukiliendesha unapoteza bei, usipoliendesha unalipia kitu cha kutazama. Kila kilomita unayofurahia unaikata kwenye mfuko wako.

Kabla ya kulipa arbuni, omba mkataba wote, si karatasi ya rangi yenye picha. Tafuta kama arbuni inarudi na kwa sharti gani. Tafuta kama bei imefungwa au inaweza kupandishwa kabla ya gari kufika. Hizo 800 ni za duniani kote, na za umbo hili tu? Mara nyingi lisilo na paa hufuata mwaka unaofuata, nalo huhesabiwa upande wake. Tena soma kifungu cha kuuza. Ford walipotoa gari lao la kasi, GT mpya, waliwafunga wanunuzi wasiuze kwa miaka miwili. Mwaka 2017 wakamshtaki mwanamieleka John Cena kwa kuuza la kwake mapema. Ukiwa na deni na kifungu kama hicho, siku utakapokwama huna mlango. Na ikiwa ili "utengewe" umetakiwa kwanza kununua gari jingine au kujaza vikorombwezo vya bei, hiyo ni sehemu ya bei. Vikorombwezo havirudi kwa thamani yake.

Ukiona bado moyo haujatulia, ngoja. Baada ya miaka mitano hivi, wale wa kwanza waliochoka watayauza, na hapo bei itakuwa imeshasema ukweli wake. Utapima unene wa rangi kwa kipimo cha maikroni: rangi ya kiwandani mara nyingi huwa kati ya 80 na 150, na paneli inayosoma 300 kwenye gari la chuma ilipakwa tena. Utalinganisha namba ya chasisi na ya injini na zilizo kwenye karatasi. Utanunua gari lililokwisha kupoteza fedha ya mtu mwingine.

Sasa mkeo. Wewe umelipenda gari, mwanangu, na kupenda gari si kosa. Kosa ni kuliita uwekezaji ili asiwe na la kusema, kwa fedha ambayo nusu yake ni jasho lake. Ameshalisikia neno hilo na amelikataa kwa miguu, akahamia chumba cha watoto. Leo jioni mpelekee ile hesabu, yenye 169 chini, mwambie ulikuwa hujaipiga. Kisha mwambie unalitamani gari lenyewe, bila kutaja faida. Anaweza kukuambia tuanze mfuko mdogo wa pembeni baada ya nyumba kuezekwa, au akuambie hapana. Muuzaji mwandikie kesho, umtake majibu ya mkataba kwa maandishi. Siku kumi zikipita bila majibu, mwache ampigie wa 801.