Maswali Yenu: George Washington, jenerali aliyeshindwa mara nyingi akashinda vita

Barua nyingi za safari hii zinamhusu George Washington, amiri jeshi wa vita vya uhuru wa Marekani na rais wa kwanza wa nchi hiyo. Tumechagua sita.

Mhariri, nasikia Washington alishindwa mapigano mengi kuliko aliyoshinda. Iweje basi aitwe jenerali mkubwa?

Ni kweli. Alishindwa Long Island, karibu na mji wa New York, mwezi Agosti 1776. Novemba mwaka huohuo akapoteza Fort Washington na askari wapatao 2,800 wakatekwa. Mwaka 1777 akashindwa Brandywine na Germantown. Hata ujanani, akiwa na miaka 22, alisalimu amri mbele ya Wafaransa pale Fort Necessity.

Lakini tazama kila upande ulihitaji nini. Ili vita viishe, ilibidi Waingereza walivunje jeshi lake. Yeye ilimtosha lisivunjike. Baada ya kuzidiwa Long Island, usiku wa kuamkia 30 Agosti alivusha askari wapatao 9,000 katika mto East River, mashua zikipigwa makasia na wavuvi wa Marblehead chini ya Kanali John Glover. Mioto ya kambi iliachwa ikiwaka, na asubuhi ukungu ukawafunika waliokuwa bado hawajavuka. Waingereza walikuta mahandaki matupu. Sisi tunauweka usiku ule juu ya ushindi wake wowote, kwa sababu bila huo usingekuwepo mwingine.

Naombeni maelezo kamili ya kuvuka mto Delaware. Mpango ulikuwaje, na ni kweli maadui walikutwa wamelewa?

Mpango ulikuwa vikosi vitatu vivuke usiku wa Krismasi 1776 kuishambulia Trenton, mji wa New Jersey ulioshikwa na Wahesse, askari wa Kijerumani waliokodiwa na Uingereza. Washington alivukia McConkey's Ferry na askari 2,400 na mizinga 18. Jenerali James Ewing alitakiwa avukie karibu kabisa na mji na kushika daraja la kijito cha Assunpink, adui akose pa kutokea. Kanali John Cadwalader alitakiwa avuke kusini zaidi na kuwashughulisha Wahesse wengine wasije kutoa msaada.

Askari walipanda mashua za Durham, ndefu na zenye tako bapa, zilizozoea kubeba mizigo ya viwanda vya chuma. Farasi na mizinga walipita kwa pantoni. Wote walipaswa kuwa ng'ambo saa sita usiku na kushambulia alfajiri kabla ya mwanga. Mabonge ya barafu mtoni na dhoruba ya theluji na mvua ya barafu viliharibu ratiba hiyo. Mzinga wa mwisho ulivuka kama saa tisa usiku, safari ya kilomita 14 ikaanza karibu saa kumi, na Trenton wakaifikia saa mbili asubuhi, kumekucha kabisa. Ewing hakuvuka. Cadwalader alivusha sehemu ya askari wa miguu, lakini barafu ya ukingoni haikuruhusu mizinga kushushwa, akawarudisha. Kwa hiyo kati ya vikosi vitatu kilifika kimoja tu, tena kimechelewa saa tatu hivi.

Kilichowaokoa ni ile dhoruba yenyewe, iliyowaficha na kuwapiga Wahesse usoni, pamoja na wingi wa mizinga. Baruti za bunduki zilikuwa zimelowa. Jenerali John Sullivan alipotuma taarifa hiyo, Washington alimjibu atumie singe. Mzinga una nafuu: tundu lake la kuwashia huzibwa kirahisi lisiingie maji. Henry Knox, mkuu wa mizinga wa Washington, aliipanga mizinga kwenye vichwa vya mitaa ya King na Queen, na kila Wahesse walipojaribu kupanga safu wakavurugwa. Walitekwa karibu 900, na kamanda wao, Johann Rall, alikufa kwa majeraha. Mamia kadhaa walitoroka, wengi wao kwa daraja lilelile ambalo Ewing hakulishika.

Habari ya ulevi haina msingi. Wahesse walikuwa hoi kwa kushtuliwa na wanamgambo siku baada ya siku, na waliamini hakuna jeshi litakalotoka katika hali ya hewa ile.

Nimesoma kwamba aliamuru jeshi lichanjwe dhidi ya ndui. Kwani wakati huo chanjo ilikuwepo?

Chanjo ya Edward Jenner ilikuja mwaka 1796. Iliyokuwepo ni njia ya kale zaidi: daktari anachana ngozi ya mkono kidogo, anapachika usaha wa mgonjwa wa ndui, anafunga kidonda. Mtu anaugua ndui halisi, ila kwa kawaida nyepesi, na akipona haimpati tena. Waliokufa kwa njia hii walikuwa wachache sana, ilhali ndui ya kuambukizwa iliua wengi.

Tatizo ni kwamba aliyepachikwa usaha huwaambukiza wengine, na kwa wiki kadhaa hafai kwa kazi. Ukimwachia askari mmoja ajifanyie kambini, umewasha mlipuko. Ukiwafanyia wote kwa pamoja na adui akapata habari, atakukuta huna jeshi. Ndiyo maana mwanzoni Washington aliishia kuwatenga wagonjwa. Kisha ndui ikaliangamiza jeshi la makoloni lililokwenda Quebec, na hesabu ikabadilika.

Tarehe 6 Februari 1777, akiwa kambini Morristown, alimwandikia Dk. William Shippen aanze kuwachanja askari wapya wanaopita Philadelphia. Kazi ilifanywa wakati wa baridi, mapigano yakiwa yamepoa, kwa mafungu, katika nyumba zilizotengwa, na kwa siri. Askari wapya walifanyiwa kabla ya kufika kambini, wakati uleule wa kusubiri nguo na silaha, ili siku zisipotee bure. Yeye mwenyewe hakuwa na hofu, maana ndui ilimpata Barbados mwaka 1751, akiwa na miaka 19. Kwetu sisi hii ni amri nzito kuliko nyingi alizotoa uwanjani, na inasikitisha kwamba vitabu vingi vya shule vinaipita kwa sentensi moja.

Ushindi wa Yorktown ulikuwa wake au wa Wafaransa?

Wa wote wawili. Washington alitaka kuishambulia New York. Jenerali Rochambeau wa Ufaransa ndiye aliyesisitiza kusini, Virginia, uliko mji wa Yorktown. Agosti 14, 1781 ilifika barua kwamba manowari za Admirali de Grasse wa Ufaransa zinakuja ghuba ya Chesapeake na zitakaa hadi katikati ya Oktoba tu. Washington aliacha mpango wake mara moja.

Ujanja wake ulikuwa kuwafanya Waingereza waendelee kuilinda New York. Alijengesha matanuri ya mikate huko Chatham, New Jersey, kwa sababu jeshi linalojenga matanuri linaonekana limekuja kukaa. Barabara za kuelekea New York zikatengenezwa, mashua zikabebwa juu ya magari ya kukokotwa. Wakati huo askari wapatao 7,000, Wamarekani na Wafaransa, walikuwa njiani kwenda Virginia. De Grasse aliizuia meli za Uingereza Septemba 5, na Oktoba 19 jeshi la Jenerali Cornwallis wa Uingereza lililokuwa Yorktown, zaidi ya watu 7,000, likaweka silaha chini.

Meno yake yalikuwa ya mbao?

Hapana. Yalikuwa ya pembe za kiboko, meno ya wanyama na ya watu, yakishikiliwa kwa chuma na madini ya risasi. Alipoapishwa Aprili 30, 1789 alikuwa amebakiwa na jino lake moja tu.

Mtu aliyeng'atuka madarakani mara mbili kwa hiari, mbona alimiliki watumwa hadi kufa?

Yote mawili ni kweli, na hatuoni sababu ya kuficha lolote. Desemba 23, 1783 huko Annapolis alirudisha kwa Kongresi hati yake ya uamiri jeshi, ingawa miezi michache nyuma maofisa wasiolipwa walikuwa tayari kuitishia serikali. Mwaka 1796 alikataa muhula wa tatu wa urais.

Lakini akiwa rais huko Philadelphia, ambako sheria ya Pennsylvania ilimpa mtumwa aliyeletwa na mgeni haki ya kudai uhuru baada ya miezi sita, aliwahamisha watumwa wake kabla muda haujatimia. Ona Judge alitoroka Mei 1796 kwenda New Hampshire, na Washington akatuma watu wamrudishe, bila kufanikiwa.

Mwaka 1799 Mount Vernon, shamba lake huko Virginia, ilikuwa na watumwa 317. Wosia wake wa Julai mwaka huo uliagiza kwamba wale 123 aliowamiliki mwenyewe waachiliwe mkewe, Martha, akifa; William Lee, aliyemhudumia vita vyote, alipewa uhuru papo hapo na dola 30 kwa mwaka. Martha hakungoja, akawaachilia Januari 1, 1801. Watumwa 153 walikuwa wa mirathi ya mume wake wa kwanza, Custis, na kisheria si George wala Martha aliyeweza kuwapa uhuru. Martha alipofariki mwaka 1802 waligawanywa kwa wajukuu zake, na familia nyingi zikatenganishwa, kwa kuwa watu wa makundi hayo mawili walikuwa wameoana.