Tarehe ya mwaka VI: nianzie wapi kuhesabu?

Swali: Nina nakala ya cheti cha kuzaliwa kutoka Ufaransa chenye tarehe "15 Pluviôse, mwaka VI". Mimi nimejumlisha 1792 na 6 nikapata 1798. Rafiki yangu anang'ang'ania 1797. Nani kapatia? Na mbona kila nikitafuta tarehe za mwaka I zenye majina haya ya miezi sizipati?

Jibu: Umepatia wewe, ila kwa bahati. Mwaka wa kalenda ya Mapinduzi ya Ufaransa ulianza Septemba, kwa hiyo mwaka VI ulianza 22 Septemba 1797. Cheti kingekuwa cha Brumaire, mwezi wa pili, ushindi ungekuwa wa rafiki yako.

Hesabu ni hivi. Kila mwezi una siku 30 kamili, na Pluviôse ni wa tano. Miezi minne imepita, yaani siku 120. Ongeza 15, unapata siku ya 135. Hesabu 22 Septemba kuwa siku ya kwanza, utafika 3 Februari 1798. Ila usiikariri hiyo 22. Mwaka ulifuata ikwinoksi ya Septemba (siku ambayo usiku na mchana hukaribia kulingana) kwa saa za Paris, hivyo mwaka IV ulianza tarehe 23, na mwaka XII tarehe 24.

Kuhusu mwaka I, hutazipata. Kalenda hii ilipitishwa Oktoba 1793, mwaka II ukiwa umeshaanza. Mwaka I ulihesabiwa kurudi nyuma hadi 22 Septemba 1792, siku ya kwanza ya Jamhuri. Waliotaka kuanza upya walianzia darasa la pili!

Hapo ndipo penye mtego unaowanasa hata wazoefu. Kabla ya hapo, Januari 1793, Bunge lilikuwa limeamua kwamba mwaka II uhesabiwe tangu 1 Januari 1793, kwa miezi ileile ya zamani. Uamuzi huo ulifutwa kalenda mpya ilipokuja, lakini karatasi zilishaandikwa. Kwa hiyo "Machi, mwaka II" ni Machi 1793, ilhali "Germinal, mwaka II" inaanzia 21 Machi 1794. Mimi hutazama jina la mwezi kwanza, mwaka baadaye.

Napoleon aliifuta kalenda hii kuanzia 1 Januari 1806. Ukikuta "Floréal, mwaka 79", usimlaumu karani: ni Komuni ya Paris, serikali ya waasi ya 1871, iliyoifufua kwa siku chache.