Ng'ombe wanabomoa mfereji wetu

SWALI: Mimi ni mjumbe wa kamati ya mfereji katika skimu moja ya mpunga wilayani Mbarali. Kila baada ya mavuno ng'ombe huingizwa mashambani kula mabua, nao hunywa maji popote. Tuta limebomoka, maji yanawafikia wakulima wa chini yakiwa tope, na kaya za huko huyachota kwa matumizi ya nyumbani. Wenzangu wanataka tuzungushie mfereji wote seng'enge na kuwatoza wafugaji faini. Unatushauri nini?

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya kununua seng'enge naiomba kamati ipige hesabu moja. Ng'ombe mzima hunywa takriban lita 40 kwa siku. Kundi la ng'ombe 200 basi huhitaji lita 8,000, na mfereji unaopitisha lita 10 kwa sekunde hutoa kiasi hicho kwa muda usiofika robo saa. Kinachouharibu mfereji si maji wanayokunywa ng'ombe bali ni kwato zao: tuta lililolowa halihimili uzito wao, ukingo huporomoka, mfereji hupanuka na kupungua kina, maji hupoteza kasi na kuacha tope litue, kisha hufurika palepale palipobonyea.

Kwa hiyo wapeni mifugo mahali pao. Pitisheni bomba chini ya tuta hadi kwenye birika la zege lililojengwa mbali na mfereji, upande wa bonde, likiwa na boya la kufunga maji linapojaa na sakafu ya mawe pande zote ili pasigeuke dimbwi. Maji yatakayofurika yaelekezwe malishoni, yasirudi mferejini. Njia ya mifugo inapokatiza mfereji, jengeni kivuko cha kalavati wakati wa kiangazi. Seng'enge itoshe kwenye banio, yaani pale maji ya mto yanapoingizwa mferejini, na kandokando ya vivuko, kwa sababu mfereji uliozungushiwa wote ni vigumu hata kuusafisha. Minyaa nayo hufaa kwa ua, ingawa utomvu wake ni hatari sana kwa macho ya watoto. Pale kwenye banio, kumbukeni kwamba Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda eneo la mita 60 kutoka ukingo wa mto.

Faini siiungi mkono kwa sasa. Mfugaji asiye na mahali pengine pa kunyweshea atalipa leo na kurudi kesho. Waiteni kikaoni kabla ya mavuno, mkubaliane njia na zamu, nao wachangie saruji na kokoto. Faini imhusu atakayelipita birika lenye maji na kuingiza mifugo mferejini.

Kuhusu kaya za chini, nasisitiza jambo moja. Tope likitulia ndooni maji huonekana safi, lakini vimelea vya kuhara vitokanavyo na kinyesi hubaki humo. Birika litapunguza uchafu huo, halitaumaliza, hivyo maji ya kunywa yaendelee kuchemshwa hadi yatokote, hata baada ya ujenzi kukamilika.