Napiga picha bandari usiku kupitia dirisha la ofisi, mbona natokea mwenyewe?

SWALI: Kaka shikamoo. Ofisi yetu ipo ghorofa ya 14 huku Posta na madirisha hayafunguki. Jioni naona vivuko vya Kigamboni na taa za meli, pazuri balaa, ila nikipiga zinatokea tyubulaiti, meza, na mimi nimeshika kamera. Nimeambiwa ninunue filta ya polaraiza, ile ya kukata mng'ao wa kioo, itasaidia?

JIBU: Marahaba dada. Hela yako kaa nayo kwanza.

Kioo cha kawaida kinarudisha kama asilimia 4 ya mwanga kila upande, pande mbili karibu 8. Saa saba mchana hiyo 8 huioni kwa sababu nje jua kali limefunika kila kitu, ila saa moja usiku nje giza na ndani tyubulaiti zote zinawaka, sasa hapo hiyo 8 ya ndani ndo inaishinda bandari nzima. Kioo kikiwa na tinti ndo kabisa, bandari inazidi kufifia.

Kwa hiyo zima taa. Zote, mpaka skrini za kompyuta na ile taa nyekundu ya mtungi wa maji ya kunywa, utashangaa inavyotokea katikati ya bahari. Kama bosi hataki kuzimiwa taa chukua sweta jeusi, ingiza kamera ndani, toa lenzi kwenye mkono wa sweta kisha sogeza mpaka kitambaa kiguse kioo pande zote kusiwe na upenyo. Lenzi yenyewe usiikandamize, ukiegemeza hapo mtetemo wa eisii unaingia kwenye picha. Na simama uso kwa uso na kioo, ukikaa upande vioo vya tabaka mbili vinakupa kila taa mbilimbili.

Polaraiza inafanya kazi vizuri ukiwa umekaa kama digrii 56 kutoka ule mstari wa kutazama kioo moja kwa moja, ukikitazama usoni haisaidii kitu, alafu inakula mwanga stopu moja na nusu hadi mbili (kila stopu moja mwanga unabaki nusu), usiku huo utautoa wapi? Ni nzuri kwa kabati la duka mchana. Nayo sio mwarobaini, mimi niliwahi kupiga pete za sonara mmoja Kariakoo nimevaa shati jeupe, nikaringa na filta yangu, mteja akakuza picha akauliza "na huyu jamaa aliyeachama mdomo ni nani?" Ni mimi, juu ya pete ya ndoa ya watu. Tangu siku hiyo kwenye kioo navaa nyeusi.

Piga kuanzia kama saa kumi na mbili na dakika 40, anga bado ina bluu kidogo. Fokasi weka mwenyewe kwa mkono kwenye taa ya meli maana otomatiki inang'ang'ania vumbi la kioo. Uwazi wa lenzi jaribu f/4, na kivuko kinatembea, ukiacha shata wazi sekunde 8 kinabaki mstari wa taa tu, kwa hiyo ongeza ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) ili shata ikae wazi muda mfupi. Ukitumia simu zima flashi, bandika lenzi kwenye kioo basi.

Kioo futa ndani mwenyewe. Uchafu wa nje huko ghorofa ya 14 subiri wale mafundi wa kuning'inia na kamba, mimi sina dawa yake.